Kibandiko cha hataza kwa laki moja na sabini: gavana ya umeme niliyonunua Gerezani, Dar es Salaam

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Gavana yenyewe, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini ya jenereta, ni nzima. Waya zilizokuja nayo ni za kutupa, na pikapu yake (sensa ya kuhesabia mwendo) ni ya kubahatisha. Kile kibandiko cha rangi ya dhahabu kinachotamba kwamba mtambo una hataza (patent) ya Marekani hakistahili hata mia ya zile fedha ambazo muuzaji anazipandisha kwa ajili yake. Ila kibandiko hichohicho ndicho kilichonionyesha cha kupima kabla sijatoa hela, kwa hiyo nitakizungumzia kuliko wenye maduka wangependa.

Natengeneza barafu Keko. Mabonge kwa wenye boti na wachuuzi wa samaki wa Feri, vipande kwa wauza juisi na baa za Temeke. Umeme ukikatika, maji ya chumvi yanayogandisha mabonge kwenye tangi yanaanza kupanda joto, na bonge lililobakiza saa mbili kuiva linabaki na maji katikati. Mteja wa Feri halichukui. Analigonga kwa kucha, anasikia limeitikia vibaya, anaondoka zake. Ndiyo maana nina jenereta ya kVA 60, ya mtumba, injini ya dizeli ya silinda nne.

Watu wananiuliza bado naihitaji ya nini, wakati bwawa la Mwalimu Nyerere limeshakamilika kule Rufiji na mitambo yake tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Mgao kweli umetuacha. Lakini mgao ni kitu kimoja na kukatika ni kingine. Transfoma ya mtaa ikilipuka, au lori likigonga nguzo barabara ya Kilwa, au masika yakiangusha mwembe juu ya waya, megawati za Rufiji zinaishia huko njiani.

Sasa shida yangu. Jenereta ilikuja na gavana ya chuma, ile inayokaa ndani ya pampu ya dizeli. Ni vyuma viwili vidogo vinavyozunguka. Injini ikienda mbio vinatanuka na kusukuma fito ya pampu ipunguze mafuta, injini ikilemewa vinakaribiana na mafuta yanaongezeka. Akili hiyo ni ya zamani mno. James Watt aliifunga kwenye injini zake za mvuke mwaka 1788, na hakuiombea hataza, maana mafundi wa vinu vya upepo vya kusagia nafaka walikwisha kuitumia. Udhaifu wake uko kwenye maumbile: haiwezi kuongeza mafuta bila kwanza kupoteza mwendo. Alteneta ya poli nne, ile sehemu ya jenereta inayotoa umeme, inataka raundi 1,500 kwa dakika ili itoe hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Gavana ya chuma inakupa hezi 52 ikiwa haina mzigo, halafu inateremka hadi 50 au chini yake mzigo ukiingia wote. Hilo si kosa. Kiwango cha kimataifa cha majenereta, ISO 8528, kinaruhusu kuteremka kwa asilimia 8 kwa daraja la G1 na asilimia 5 kwa G2. Kwenye taa na feni hakuna atakayegundua.

Kwenye barafu utagundua, na utalipa. Pampu inayozungusha maji ya chumvi inadai nguvu kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Ukiipa hezi 52 badala ya 50, yaani asilimia 4 tu zaidi, inakula nguvu karibu asilimia 12 zaidi. Hiyo ni dizeli, na bei ya dizeli sote tunaijua, EWURA wanatukumbusha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Upande wa pili ndio mbaya zaidi. Kompresa yangu kubwa ina mota ya kW 15. Hata ikianza kwa staa-delta, ile njia ya kuipunguzia mota kishindo cha kuanza, injini ilikuwa inazama hadi hezi 46. AVR ya alteneta, yaani kidhibiti chake cha volti, imeundwa kushusha volti makusudi masafa ya umeme yakipita chini ya hezi 47 hivi, ili injini ipunguziwe mzigo ipate kujiinua. Inafanya kazi yake vizuri, na mimi ndiye ninayeumia: volti inaanguka, kontakta za paneli, zile swichi za sumaku, zinaanza kutetemeka tatatata, kompresa ndogo inadondoka, kijana wa zamu anakimbia kwenda kuiwasha upya. Fundi wangu, aliyesoma VETA Chang'ombe enzi ambazo karakana ilikuwa inanuka dizeli kweli, akaniambia, "Mama, hapa pampu ni nzima. Tufunge gavana ya umeme."

Gavana ya umeme ni vitu vitatu. Kuna pikapu, sensa ya sumaku inayochungulia meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kuna boksi la kuamua. Na kuna akchueta, mkono unaoendeshwa na umeme ambao unashika fito ya mafuta. Kila jino la flaiwili likipita mbele ya pikapu linatoa pigo moja. Flaiwili yangu ina meno 126, kwa hiyo kwenye raundi 1,500 boksi linahesabu mapigo 3,150 kwa sekunde. Yakipungua hata kidogo boksi linausukuma mkono, bila kusubiri injini izame. Mwisho wake hezi 50 zinakuwa 50, uwe na mzigo au usiwe nao.

Tukaenda Gerezani. Ya asili, kutoka kwa wakala mwenye karatasi zake zote, ilikuwa shilingi 2,700,000 bila kufunga. Nikashukuru nikatoka. Duka la pili (jina silitaji, maana boksi lilelile liko kwenye nusu ya maduka ya mtaa ule) lilikuwa na boksi mbili kwenye kaunta. Moja laki sita na ishirini, nyingine laki nne na nusu.

"Zinatofautiana nini, mwanangu?"

"Mama yangu, hii kubwa ina hataza ya Marekani. Soma hapa, namba hii hapa. Ile nyingine haina."

Fundi akazigeuzageuza. Uzito mmoja, skrubu za kurekebishia ziko palepale, herufi za kwenye tamino zilezile, mpaka alama ya kalibu kwenye plastiki ya nyuma. Ndani huwezi kuona, zote zimemwagiwa ile gundi nyeusi. Kitu pekee kilichopishana ni kibandiko. Nikakipiga picha, nikamwambia kijana nitarudi, tukaenda kukaa kwa mama ntilie wa jirani tuagize wali maharage, na simu mezani.

Hapa nisikilizeni vizuri mnaonunua vifaa vya injini, maana hili halisemwi dukani. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda fulani, na bei ya haki hiyo ni kwamba lazima aandike hadharani kitu hicho kinafanyaje kazi. Hati zote zinasomeka bure kwenye mtandao, kwenye tovuti ya Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya au ile ya Google. Andika namba, hati inakuja na michoro yake. Ukitaka kuona jirani zake wote wa fani hii, tafuta kwa alama ya F02D 29/06, ndilo fungu la kudhibiti injini zinazozungusha majenereta. Utakuta dunia nzima imejipanga humo.

Namba ya kwenye kibandiko ilikuwa ya tarakimu saba na ilianza na 4. Hiyo peke yake inatosha kumnyamazisha muuzaji. Marekani wanahesabu hataza kwa mfululizo: ya milioni nne ilitoka Desemba 1976, ya milioni tano Machi 1991. Kwa hiyo kila namba ya tarakimu saba inayoanza na 4 ilitolewa kati ya siku hizo mbili, na muda wake uliisha zamani, maana enzi zile walikuwa wanahesabu miaka 17 tangu kutolewa. Ya milioni sita ilitoka Desemba 1999, ya saba Februari 2006, ya nane Agosti 2011, ya tisa Aprili 2015, na ya milioni kumi Juni 2018. Hifadhi tarehe hizo kwenye simu. Siku hizi hesabu ni miaka 20 tangu maombi yalipopelekwa, na mwenye hataza asipolipa ada za kuihuisha inakufa mapema zaidi.

Halafu kuna jambo la mipaka. Hataza ya Marekani inalinda Marekani. Ili ilinde hapa lazima iwe imesajiliwa BRELA, wakala wetu wa usajili, au kupitia ARIPO ya Harare, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika, na Tanzania ikatajwa. Kwa hiyo boksi la laki nne na nusu si haramu kwa sababu ya wazo lililomo ndani yake. Wazo hilo limeshakuwa mali ya kila mtu, na mwenye kiwanda Uchina ana haki ya kulitengeneza kama wewe ulivyo na haki ya kutengeneza jiko la mkaa. Haramu ni kubandika jina au nembo ya mwingine, hilo ni la alama za biashara na FCC, Tume ya Ushindani, wana kazi nalo. Boksi letu halikuwa na nembo ya mtu, lilikuwa na herufi tatu ambazo hazimaanishi chochote. Lilikuwa na namba ya hataza ya marehemu tu.

Biashara ya kutishiana kwa hataza ina historia ndefu kwenye injini hizi, na si lazima mwenye cheti ashinde. Nikolaus Otto wa Ujerumani alitamba na hataza yake ya injini ya mipigo minne tangu 1877, akiwabana wenzake, mpaka washindani wakaibua maandishi ya Mfaransa Alphonse Beau de Rochas ya mwaka 1862 yenye kanuni ileile. Mwaka 1886 hataza ikafutwa, viwanda vya Ujerumani vikafunguka kama nyuki waliotolewa kwenye mzinga. Karl Benz alikuwa mmoja wa walionufaika na mlango ule.

Turudi mezani. Hati ya namba ile, niliposoma, kweli ilikuwa inahusu gavana ya umeme ya injini ya dizeli, si ya birika la chai, nampongeza aliyeiba namba kwa kuchagua ya fani yake. Mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini kuna sehemu mwishoni iitwayo madai, ambapo mvumbuzi anataja kimoja kimoja kile anachodai ni chake. Pale ndipo uzuri ulipo. Madai yale yalikuwa karatasi ya mtihani: mapigo ya pikapu yakikatika, mkono urudi kwenye sifuri ya mafuta. Wakati wa kuwasha, mafuta yawekewe kikomo ili injini isimwage moshi mweusi. Mwendo upande taratibu hadi 1,500, usiruke na kupitiliza. Fundi akasoma juu ya bega langu huku anakula, akasema, "Basi twende tukamuulize haya."

Tulirudi. Nikamwambia kijana nataka hii ya laki nne na nusu, ila nataka kuiona inafanya kazi. Kwa haki yake, hakukunja uso. Nyuma ya duka wana meza, betri mbili za lori zimefungwa kuwa volti 24, na sproketi ya pikipiki iliyobanwa kwenye drili. Sproketi ya meno 42 kwa raundi 2,800 za drili inatoa mapigo karibu 2,000 kwa sekunde, yanatosha kulidanganya boksi. Fundi wangu akarekebisha kasi kwa bisibisi, drili ikalia. Drili ikiwa taratibu, mkono wa akchueta unajisukuma nje kutafuta mafuta. Ikikaribia kasi iliyowekwa, unarudi. Kisha nikauchomoa mwenyewe waya wa pikapu huku drili inazunguka. Mkono ukarudi kwa springi, pa!

Mtu asiyejua dizeli anaweza kuona hilo dogo. Injini ya petroli ukiikatia cheche inalala. Dizeli haina cheche, inawaka kwa mgandamizo, na ikipata mafuta bila mtu wa kuizuia itakimbia mpaka ijivunje. Gavana iliyopoteza macho ikaamua kumwaga mafuta ni bomu ndani ya kibanda. Duka lisilokuruhusu kuchomoa waya ule mezani, ondoka. Nilipatana laki nne na ishirini, nikapewa risiti ya EFD bila kuiomba, hiyo naihesabu.

Kufunga ni kazi ya siku nzima ikiwa fundi anajiheshimu. Wangu hakuitoa gavana ya chuma. Mkono wa kasi wa pampu aliufunga kwa boliti kwenye raundi 1,650 hivi, iwe mlinzi wa mwisho, halafu akchueta akaiunganisha na mkono wa kuzimia injini, ambao unagusa mafuta moja kwa moja. Fito fupi, viungo vya goroli pande zote mbili, hakuna kulegea hata nusu milimita. Pikapu inapigiwa tundu kwenye nyumba ya flaiwili, unaizungusha ndani mpaka iguse jino, kisha unairudisha robo tatu ya mzunguko. Hakikisha jino liko katikati ya tundu kabla hujaigusisha, usije ukaigusisha kwenye bonde, ukiwasha tu jino linakata kichwa chake.

Na hapo ndipo takataka zilipojitokeza. Pikapu iliyokuja kwenye boksi, stata ikizungusha injini, ilikuwa inatoa volti pungufu ya moja. Boksi linahitaji angalau moja ili litambue kwamba injini inazunguka, kwa hiyo asubuhi betri ikiwa imechoka kidogo stata inaimba tu na mkono haufunguki. Tukanunua nyingine kwa 65,000, ikatoa zaidi ya mbili, tatizo likaisha. Waya ulikuwa mbaya zaidi. Mchoro ndani ya boksi unaonyesha waya wa pikapu wenye wavu wa kukinga, kilichomo ni waya wa kawaida kama wa spika. Kila kontakta ilipopiga, kelele yake ya umeme iliingia kwenye waya, boksi likahesabu mapigo ya uongo, injini ikapunguziwa mafuta wakati kompresa inayahitaji. Tukatafuta waya wenye wavu, wavu ukafungwa ardhini upande wa boksi tu, si pande zote mbili, na injini ikatulia. Nilirudi dukani kudai wabadilishe pikapu. Kadi inasema dhamana miezi mitatu. Kijana akasema dhamana ni ya boksi, si ya pikapu. Kadi haisemi hivyo, haisemi kitu chochote kwa kweli, ina mhuri tu. Nikamwachia.

Kurekebisha kuna skrubu mbili zinazohusu utulivu, moja ya ukali na nyingine ya uthabiti. Unageuza ya ukali mpaka injini ianze kupanda na kushuka, unarudisha mpaka itulie, kisha unarudisha tena kidogo cha akiba. Ya pili hivyohivyo. Ni kazi ya sikio. Kumbe hata hili lina wakubwa wake: mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alieleza kwa hesabu kwa nini gavana nyingine zinatulia na nyingine zinapandisha na kushusha mwendo bila kukoma. Fundi wangu hajui habari za Maxwell. Anafumba macho, anageuza bisibisi, anasema "hapo", na mita inasema hapo.

Matokeo. Bila mzigo hezi 50.0. Mzigo wote hezi 50.0. Kompresa kubwa ikianza inashuka hadi 48.4 na kurudi ndani ya sekunde mbili hivi, kontakta hazitetemeki, kompresa ndogo haidondoki. Kijana wa zamu sasa analala, na hilo nalo nimeanza kuliona kama tatizo. Moshi wa kuwasha umepungua sana, jirani mwenye nguo za kuanika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia. Dizeli imepungua, lakini sitataja asilimia, maana mzigo wa miezi ile miwili haukufanana. Mwezi mmoja samaki walikuwa wengi Feri na barafu ilikwenda, mwingine bahari ilichafuka.

Ubaya usiotoka kwa muuzaji bali kwenye aina yenyewe ya kifaa: gavana ya chuma haihitaji betri, hii inahitaji. Mafuta yanashikiliwa wazi na umeme, springi ndiyo inayoyafunga. Alteneta ndogo ya kuchaji ikifa katikati ya kazi, betri inaisha na injini inazima, hata kama tangi limejaa. Ni sahihi kiusalama, lakini ujue. Tumeongeza chaja ya ukutani inayokula umeme wa TANESCO ukiwapo. Pia boksi usilifunge juu ya injini kama picha ya kwenye kasha inavyoonyesha, joto na mtikisiko vitalimaliza. La kwetu liko ukutani, ndani ya paneli, na hewa ya chumvi ya Dar tumeizuia kwa raba kwenye mlango.

Duka hilohilo liliniuzia na kontrola ya kujiwasha, ile inayotazama umeme wa TANESCO, ikiukosa inawasha jenereta na kuhamisha mzigo. 350,000. Hii sina mengi ya kusema, inafanya kazi. Weka icheleweshe kidogo kabla ya kuwasha, umeme wetu unapenda kupepesa. Kikomo cha mwendo kupita kiasi kiwe karibu raundi 1,700, juu ya ile boliti ya mlinzi. Kioo chake kina Kiingereza na Kichina, fundi amebandika karatasi ya Kiswahili pembeni. Muuzaji alijaribu kuniambia kujiwasha ni teknolojia mpya. Mwaka 1920 kampuni ya Kohler ya Marekani ilikuwa inauza jenereta ya wati 1,500 ya shambani iliyojiwasha yenyewe mtu akiwasha taa ya kwanza nyumbani, bila simu wala kompyuta yoyote.

Nani anunue? Mwenye kompresa, pampu kubwa, mashine ya kuchapa, au mota yoyote inayoanza kwa kishindo kwenye jenereta ya kVA 30 na kuendelea, na ambaye ana fundi wa kukaa na bisibisi. Mwenye jenereta ndogo ya duka inayowasha friji moja na taa, abaki na gavana yake ya chuma na abadilishe filta. Hospitali au mahali ambapo injini ikizima mtu anapotea, hapana, nendeni kwa wakala mlipe zile milioni 2.7, mnanunua na mtu wa kumpigia saa nane usiku.

Kwa anayekwenda Gerezani: beba idadi ya meno ya flaiwili, volti ya betri zako, na picha ya pampu ikionyesha mikono yote miwili. Chukua lile lisilo na kibandiko. Waya wenye wavu nunua mbali na duka hilo, na pikapu yao ipime kwa mita wakati stata inazungusha kabla fundi hajakusanya spana zake.